Shelui na Watu Waliofungiwa Nje ya Riwaya

Riwaya ya Kiswahili, kwa sehemu yake kubwa, imejenga nchi isiyokuwapo duniani. Katika nchi hiyo kila mtu huitwa Juma au Asha. Hana kabila, ngozi yake haina rangi, lugha ya mama yake haijulikani, na moyo wake hupenda kwa namna moja tu. Kijiji chake hakimo katika ramani yoyote. Mwenye duka, akitokea, ni Mhindi anayekivunja Kiswahili ili wasomaji wacheke. Mwenye shamba kubwa ni Mwarabu mwenye bakora. Mchunga ng'ombe aliyejifunga lubega huonekana mara moja kupitia dirisha la basi, kisha hutoweka asirudi tena. Wasomaji wameizoea nchi hii hata wengi huidhani kuwa ndiyo Tanzania. Madai ya insha hii ni kwamba nchi hiyo ni ya uongo, kwamba uongo wake una madhara, na kwamba watungaji, wachapishaji na walimu wanaoulinda hawana udhuru.

Atakaye kuyapima madai haya na aende Shelui. Mji huu mdogo wa wilaya ya Iramba, katika mkoa wa Singida, umekaa chini ya mteremko wa Sekenke, pale ambapo barabara kuu itokayo Singida hushuka kwa kona kali ikielekea Nzega. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Wenyeji wake ni Wanyiramba. Lakini Msukuma yupo na ng'ombe wake, Mnyaturu yupo, na Mtaturu hushuka kutoka malishoni. Upande wa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu ambao idadi yao yote hailingani na ya wanafunzi wa shule mbili tatu kubwa za mjini. Wataalamu wa lugha hulihesabu eneo hili la Singida na mikoa jirani miongoni mwa mahali pachache sana katika Afrika ambapo jamii nne za lugha hukutana: za Kibantu, kama Kinyiramba na Kisukuma, za Kiniloti, kama Kitaturu, za Kikushi, kama Kiiraqw, na zile zenye sauti za kidoko, kama Kihadza na Kisandawe. Mtu akisimama Shelui akazunguka polepole mahali pamoja, ameelekeza uso wake kwa karibu aina zote za usemi za bara hili. Ni riwaya gani ya Kiswahili iliyosimama hapo?

Hata historia imepita hapo kwa kishindo. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1907, na mgodi wake ukawa wa kwanza wa maana katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na kukatiwa njia ya baharini, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Sarafu ile ina picha ya tembo upande mmoja na tai wa Kaisari upande wa pili. Leo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa sarafu za kale ulimwenguni. Dhahabu imepata wasifu wake. Mnyiramba aliyeingia shimoni kuichimba, Mnyamwezi aliyeibeba, fundi aliyeipiga chapa, hawa hawana wasifu, na riwaya, ambayo ndiyo kazi pekee ya maandishi iwezayo kuwarudishia uso watu waliokosa kumbukumbu, haijawatafuta.

Haki inadai kwamba upande wa pili usikizwe. Ukimya huu haukuzaliwa na uvivu peke yake. Ulikuwa na asili njema. Shaaban Robert, mwana wa wazazi wa Kiyao aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika chini ya utawala wa kigeni, akaitengeneza Kusadikika, nchi inayoelea angani, ili aseme juu ya dhuluma bila ya kumtaja dhalimu. Katika nchi ya angani kabila halina kazi. Uhuru ulipokuja, viongozi waliona jinsi ukabila ulivyokuwa ukizitafuna nchi za jirani, wakaazimia kuwa raia wa Tanzania awe raia kwanza. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Mwaka huo huo Azimio la Arusha lilitangazwa, na fasihi ikaitwa kazini kujenga taifa. Mtungaji aliyempa shujaa wake jina lisilokuwa na kwao alidhani anatimiza wajibu, na kwa kiasi fulani aliutimiza. Kiswahili kilikuwa lugha isiyokuwa mali ya kabila moja, na riwaya yake ikataka kuwa nyumba isiyokuwa na chumba cha mtu mmoja.

Lakini dawa ya mgonjwa, ikiendelea kunywewa baada ya kupona, hugeuka sumu. Nyumba isiyokuwa na chumba cha mtu mmoja imekuwa nyumba ya wachache waliowahi. Asiyetajwa kabila, katika fikira za msomaji, haendi kuwa mtu wa makabila yote. Huwa mtu wa desturi zilizokwisha kuzoeleka vitabuni, yaani za pwani au za mji mkubwa. Wengine huhesabiwa kuwa ni wageni katika hadithi ya nchi yao wenyewe. Mtoto wa Kitaturu anayefunza ulimi wake Kiswahili sanifu shuleni Iramba husoma vitabu vingi vya hadithi mpaka amalize masomo, asikutane hata mara moja na mtu aliye kama babake, isipokuwa katika mzaha. Mtoto huyo amefundishwa jambo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba watu wa kwao si watu wa kuandikwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani husema kwamba kutaja rangi na kabila ni kuchochea chuki. Hoja hii inakanushwa na riwaya bora za Kiswahili zenyewe. Mohamed Suleiman Mohamed alipotunga Nyota ya Rehema (1976) hakuificha rangi. Aliitia katika nyumba, katikati ya baba na mwana. Rehema amezaliwa na ngozi nyeusi kwa baba anayejivunia ngozi isiyokuwa hivyo, naye analipa gharama ya rangi yake tangu utotoni. Msomaji hafungi kitabu kile akiwa na chuki juu ya Waarabu wala juu ya Waafrika. Hukifunga akiwa ameelewa jinsi ubaguzi unavyoingia mpaka kwenye penzi la mzazi. Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute (1999), alimchukua Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza kabla hajajua maana ya ndoa, akamtoa dukani, akamtia katika uswahili wa Unguja, nyumbani kwa Mwajuma na katika penzi la Denge, mtu wa siasa anayewindwa na serikali ya Waingereza. Jamaa zake Yasmin wanamkana. Yasmin hanenewi kwa lafudhi ya kuchekesha. Anawaza, anakosea, anatamani, anajuta. Kitabu hiki kilitoka miaka 35 baada ya Mapinduzi ya 1964, ambayo ndani yake watu wengi waliuawa au kufukuzwa kwa sababu tu ya kuhesabiwa kuwa Waarabu au Wahindi. Katika visiwa ambavyo rangi ya mtu iliwahi kuwa hukumu yake, mtungaji alimfanya binti wa Kihindi kuwa moyo wa hadithi, na umma wa wasomaji ukampokea. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya hadithi hiyo kuwa filamu, ikaonyeshwa Toronto na kwingineko. Chuki iliyotabiriwa haikutokea.

Wala haikuwa Zanzibar peke yake. Euphrase Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika (1971) alikitaja kisiwa chake cha Ukerewe kwa jina, na watu wake, na ziwa lake. Kitabu kikawa cha Watanzania wote kwa sababu kilikuwa kwanza cha mahali pamoja. Na katika maisha ya kila siku watu wa nchi hii wanao utani wa makabila, ambamo Msukuma na mtani wake hutukanana msibani na kusaidiana kaburini. Utani ni elimu ya kale isemayo kwamba tofauti ikitamkwa mbele ya mwenyewe, kwa ulimi uliozoea, huleta ujamaa. Tofauti inayofichwa ndiyo inayooza. Basi mtungaji anayekataa kumwita Mnyiramba Mnyiramba kwa ajili ya umoja wa taifa amekuwa mwoga kuliko bibi yake.

Kosa lililobaki, hata hivyo, ni kubwa. Milango iliyofunguliwa na Mohamed Suleiman na Adam Shafi ilifunguliwa pwani. Bara, na hasa bara la katikati, lingali likitazamwa kwa macho ya msafara. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini mwa nchi ya Singida, na wenye misafara waliwaita watu wa njiani washenzi. Neno hilo limepungua midomoni, lakini jicho lake limebaki katika kalamu. Mhadzabe, akiandikwa, huandikwa kama mabaki ya watu wa zamani, mwenye upinde na asali, asiyekuwa na wasiwasi juu ya ada ya shule wala hasira juu ya ardhi yake inayomegwa na wakulima na wafugaji. Mtaturu huandikwa kama mkuki. Msukuma huandikwa kama kiroja cha matamshi. Hakuna hata mmoja wao anayeachwa peke yake chumbani, usiku, na fikira zake. Na mtu asiyepata kuachwa hivyo katika riwaya hajawa mhusika, ni pambo la ukutani.

Sasa ni lazima kulitaja kundi ambalo hata pambo hawakupewa nafasi ya kuwa, ila tusi. Ni wale ambao mapenzi yao huwaelekea watu wa jinsia yao, na wale ambao miili au nafsi zao hazikukaa sawasawa katika mafungu mawili ya mume na mke. Katika hadithi nyingi za Kiswahili mtu wa namna hii hutokea kwa kazi tatu tu. Ama ni kichekesho cha baraza, ama ni mwovu anayeharibu vijana, ama ni onyo ambalo mwisho wake ni maradhi au mauti. Hapewi mama anayempenda. Hapewi kazi anayoijua. Hapewi sala.

Hoja ya pili ya wapinzani hujibu kwamba ukosefu huu ni wa haki, kwa kuwa watu hawa ni mazao ya ugeni, wameletwa na filamu na fedha za Ulaya na Marekani. Lakini lugha yenyewe inatoa ushahidi kinyume. Kiswahili kina maneno hanithi, msagaji, basha na huntha, na hakuna hata moja kati yake lililotoka Ulaya. Msagaji limejengwa kwa kitenzi cha Kibantu. Mengine yamekuja kwa njia ile ile iliyoleta sala, kalamu na kitabu. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii vilivyosomeshwa misikitini pwani kwa vizazi na vizazi vinaeleza fungu la huntha katika mirathi, kwa sababu mwanachuoni aliyekaa na watu alijua kwamba huntha huzaliwa, hufiwa na baba, na hudai haki yake. Mwanachuoni yule hakulikimbia swali; mtungaji wa riwaya amelikimbia. Watu hawatungi neno la kitu wasichopata kukiona. Hata safari ya neno shoga ni funzo: pwani lilikuwa, na kwa wengi lingali, jina la mapenzi ambalo mwanamke humwitia rafiki yake mwanamke, mitaani limegeuzwa tusi la mwanamume. Historia nzima ya woga wa jamii imo katika neno hilo moja, nayo inangoja mtungaji.

Wala si kweli kwamba kila nyumba ya Kiafrika ilikuwa ya mume mmoja, mke wake na watoto wao. Huko Tarime, katika mkoa wa Mara, Wakurya wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo mwanamke mtu mzima, aghalabu mjane au asiyekuwa na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe za mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndoa hiyo haina maana ya mapenzi ya kimwili kati ya wanawake hao wawili, na atakayeitia maana hiyo atakuwa amedanganya. Lakini inaonyesha kwamba mababu walijua kuitengeneza familia kwa namna nyingi kadiri ya haja zao, na kwamba anayehubiri namna moja tu kwa jina la mila hajaziuliza mila zote. Huu pia ni utajiri wa riwaya. Mjane, kijana mwanamke aliyeolewa naye, na mwanamume anayezaa watoto wasiokuwa wake: mtungaji gani mwenye akili angelikosa hadithi hapo?

Wapinzani hutoka kwenye mila wakaingia kwenye sheria na maadili. Ni kweli kwamba sheria ya Tanzania inaliadhibu tendo hili. Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na Waingereza ililiita kosa la kinyume cha maumbile, na sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ikaiongeza adhabu yake hata kufikia kifungo cha miaka 30 au cha maisha. Jambo moja lapasa kuangaliwa hapa, nalo ni kwamba kifungu kinachotetewa leo kama ngao ya Uafrika dhidi ya wazungu kiliandikwa na wazungu. La pili ni kubwa zaidi kwa fasihi. Wizi ni kosa, na riwaya zimejaa wezi. Kuua ni kosa, na Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa wake vifo vya kuchunguza tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) bila ya mtu kumtuhumu kuwa anafundisha mauaji. Uzinzi ni dhambi katika dini zote za nchi hii, na bila ya uzinzi rafu za vitabu zingelikuwa nusu tupu. Kumwandika mtu hakumpi mtu huyo cheti cha usafi, kunampa nafsi. Kama mwizi ana nafsi katika riwaya, na mzinzi anayo, na mwuaji anayo, kwa kanuni gani mtu huyu mmoja anyimwe?

Maadili yenyewe hayana kumbukumbu nzuri katika mambo haya. Rosa Mistika, kitabu ambacho leo hufundishwa kama nguzo, kilipotoka kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuwa kilisema wazi yale yanayowapata wasichana wanaolelewa kwa fimbo na kunyimwa maarifa. Wasichana hawakuokolewa na marufuku ile. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilivizuia vitabu 16 visitumike shuleni kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi za taifa. Miongoni mwake vilikuwamo vile vya watoto vya Diary of a Wimpy Kid. Serikali ina haki ya kuchagua watoto wadogo wasome nini. Lakini mchapishaji anayeishi kwa soko la shule hasubiri orodha ya wizara. Hujifunza kuogopa kabla ya kukatazwa, akaurudisha mswada kwa mtungaji na kumwomba amgeuze mtu fulani au amtoe. Hivyo kazi inayokatazwa waziwazi ni chache, na inayouawa tumboni ni nyingi, na hakuna sensa ya hizo.

Jinsi woga huu usivyokuwa na maana imeonyeshwa na Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa huyu wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza riwaya ya Paradise (1994), juu ya kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa madeni ya babake na kuchukuliwa katika msafara wa tajiri Aziz mpaka ndani ya bara. Katika kitabu hicho wamo Waswahili, Waarabu, Wahindi, Kalasinga fundi, na watu wa bara. Kadhalika wamo wanaume wanaowatamani wanaume, na mnyapara wa msafara ambaye habari zake za jambo hilo zinajulikana na kila mpagazi. Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Basi Mswahili amelazimika kungoja miaka 28 na kupita London na Stockholm ili asome katika lugha yake habari za msafara wa babu zake, pamoja na yote yaliyokuwamo. Na hata hapo mnyapara yule bado ni mtu wa kutisha. Pengo halijazibwa, limeonyeshwa tu ukubwa wake.

Hoja ya tatu ni ya watu wenye elimu zaidi, nayo inastahili heshima. Husema kwamba sanaa haiendeshwi kwa orodha. Kwamba mtungaji si karani wa sensa wa kuhakikisha kila jamii imepata mhusika wake. Na kwamba riwaya iliyopangwa kwa mafungu hunuka rangi mbichi. Ni kweli, na wanaodai aina za watu katika vitabu wamewapa wapinzani silaha hii wenyewe. Wapo watungaji wanaomtia Mhindi mmoja mwema, Mzungu mmoja aliyetubu na kijana mmoja anayependa wa jinsia yake, kila mmoja akiwa amenyooka kama mtumishi wa hoteli, asiye na kosa wala hamu, ili kitabu kipate sifa ya uwazi au fedha za mfadhili. Mhusika aliyefanywa malaika amenyimwa ubinadamu sawasawa na aliyefanywa shetani. Yasmin ni mtu kwa kuwa hukosea.

Lakini hoja hii, ikiisha kuwakemea wapaka rangi, haiwaachii huru wanaofuta. Kumwondoa mtu aliyekuwapo nako ni kufuata orodha, ila orodha hiyo haikuandikwa. Anayetunga hadithi ya Shelui bila ya Mtaturu, bila ya Msukuma, bila ya mgeni mwenye lugha nyingine kwenye nyumba ya kulala wageni, amefanya kazi ngumu ya kufagia. Fikiria dereva wa lori na utingo wake, ambao wamelala barabarani pamoja miaka sita kati ya Dar es Salaam na Kigali. Mmoja anaugua pale chini ya Sekenke, na mwenzake, mbele ya wauguzi na mama lishe na askari wa barabarani, hana jina la kutaja uhusiano wao, wala haki ya kuamua mwili uzikwe wapi. Hapa hapana siasa iliyoingizwa kwa nguvu, wala haihitajiki orodha ya mtu. Pana msiba ambao lugha imewanyima waliofikwa nao neno la kuusema. Kuutafuta usemi huo ni kazi ya kwanza kabisa ya mtungaji, na mtungaji anayeuona msiba huu akaupita kwa hofu ya mhariri ameiacha kazi yake kwa magazeti ya udaku, ambayo yataiandika, na yataiandika vibaya.

Kilicho hatarini hapa kinapita heshima ya fasihi. Watu huua kwanza katika maneno. Mwaka 1964 haukuanza mwaka 1964. Ulitanguliwa na miaka ya vijina, nyimbo na mizaha iliyowafanya majirani kuwa aina za watu. Vivyo hivyo kijana apigwaye mtaani leo kwa namna anavyotembea alikuwa amekwisha kupigwa mara nyingi katika vichekesho kabla ya jiwe la kwanza kurushwa. Riwaya haiwezi kuzuia jiwe. Lakini ndiyo sanaa inayomlazimisha msomaji akae saa kumi ndani ya kichwa cha mtu asiyemfahamu, na aliyekaa humo saa kumi huona taabu kuokota jiwe.

Wajibu, basi, umegawanyika. Mtungaji na aandike mahali kwa majina yake, na watu kwa lugha zao, makosa yao na mapenzi yao, akianza na wale aliowaogopa. Mhariri anayemtaka amtoe mhusika na aandike sababu kwenye karatasi na kuitia sahihi, ili woga uwe na mwenyewe. Mwalimu wa chuo na aache kuwauliza wanafunzi dhamira ya kitabu peke yake; awaulize pia ni nani asiyekuwamo, na ni kazi gani aliyopewa aliyemo. Idara za Kiswahili, zinazopokea kila mwaka wanafunzi kutoka Iramba na Mkalama, Hanang na Tarime, zina watungaji ndani yake wanaojua Kinyiramba, Kitaturu na Kikurya, na huwafundisha kuzisahau lugha hizo mlangoni. Mwanafunzi mmoja tu aliyetoka Shelui akipewa ruhusa ya kuandika yale aliyoyaona, yaani watu wa malisho, wa shimo la dhahabu na wa malori, pamoja na wale wawili ambao mji mzima unajua habari zao na haukuzisema, atakuwa ameifanyia riwaya ya Kiswahili jambo ambalo ilipaswa kulifanya tangu uhuru. Na akikataliwa mswada wake, waliomkataa waseme waziwazi kwamba wanaiogopa nchi yao, wasiseme kwamba wanailinda.